Kobo Libra Colour kwa msomaji wa Mwanza: rangi inalipa wapi?

Natumia visomaji viwili vya vitabu vya kielektroniki vya Kobo: Libra Colour ya rangi, inchi 7, pamoja na Clara BW ya nyeusi na nyeupe, inchi 6. Kwa anayesoma riwaya tu, ushauri wangu ni achukue ya nyeusi na nyeupe.

Sababu iko kwenye kioo. Kaleido 3, kioo cha Libra, ni kioo cha wino wa kielektroniki mweusi kilichowekewa chujio la nyekundu, kijani na bluu. Maandishi meusi yanabaki na nukta 300 kwa inchi, rangi inashuka hadi 150, na chujio lenyewe linakula mwanga. Ndiyo maana ukurasa mtupu una ukijivu, na ukiukazia macho unaona chengachenga. Ndani ya nyumba lazima upandishe taa, kwa hiyo chaji nayo inaondoka haraka. Umeme ukikatika usiku na dirisha liko wazi, mwanga huo unaita wadudu wa ziwani wanatua kwenye kioo. Clara naisoma taa ikiwa chini kabisa.

Mchana mambo yanageuka. Juu ya kivuko cha Kamanga, jua linapokuwa kali, zima taa kabisa: hapo ndipo rangi zinapokolea, wakati kwenye simu huoni kitu. Kukolea kwenyewe ni kwa gazeti lililoanikwa, usitegemee zaidi.

Inapolipa ni kwenye vitabu vya watoto, katuni, ramani na baiolojia. Mchoro wa moyo wenye mishipa ya bluu na nyekundu, kwenye Clara wote ni kijivu. PDF ya A4 inasumbua: herufi zinakuwa ndogo mno, hivyo laza kifaa usome nusu ukurasa. Maandishi ya njano yanapotea. Picha ya ukurasa uliopita ikiacha kivuli, ingia mipangilio ya kusoma, weka kioo kijisafishe kila ukurasa.

Ukinunua iliyotumika, kabla hujatoa hela fungua ukurasa mweupe, buruza kidole ukingo wa kushoto kupandisha taa hadi mwisho, kagua kingo zote kama kuna madoa au mchirizi wa njano. Kisha chomeka waya kwenye kompyuta, nakili EPUB moja (faili la kitabu), uone kama inafunguka.

Zote mbili zina IPX8, yaani kinga ya maji: mita 2 za maji kwa dakika 60. Ikidondoka ziwani, ifute, na usiichaji mpaka tundu la USB-C likauke.