Jiko la presha la umeme, lita 6: miezi saba jikoni kwangu

Mama alihamia kwangu Mbagala akiwa na kikohozi cha muda mrefu. Daktari alimpima kifua, kisha akamuuliza, "Mama, unapikia nini nyumbani?" Mkaa, na kabla ya mkaa, kuni kwa zaidi ya miaka thelathini kijijini Kilosa. Wiki iliyofuata nikaenda Kariakoo kununua jiko hili kwa shilingi 185,000.

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyokuwa yanatumalizia mkaa. Kilo moja ya maharage makavu, bila kuyaloweka, nayabandika kwa dakika 50. Kipini cha juu ya mfuniko kinapanda, mvuke unakatika, jiko linatulia kimya. Siku ya kwanza nilisoma LUKU kabla na baada: halikumaliza hata nusu uniti. Kwa mita yangu uniti moja ni kama shilingi 350, kwa hiyo chungu kizima hakikufika 200. Maharage hayohayo kwenye mkaa yalikuwa yanakula kopo la shilingi 1,500, na mtu akae karibu kupepea. Makande ndiyo usiseme. Mahindi yanapasuka na kuwa laini kabisa, mama mwenyewe anatafuna bila shida.

Lakini ugali halisongi. Sufuria ya ndani inazunguka ukiikandamiza na mwiko, na chapati nazo hazina pa kuchomea. Kwa hivyo mtungi mdogo wa gesi bado ninao, ila sasa unadumu mara mbili ya zamani. Umeme ukikatika katikati ya mapishi, usifungue mfuniko. Acha kipini kishuke chenyewe. Joto lililobaki linaendelea kuivisha, na mara mbili nimekuta nyama imeshalainika.

Kasoro kubwa ni mpira wa mfuniko. Unashika harufu ya pilau, ukipika wali wa nazi kesho yake unaisikia. Mwezi wa nne ukalegea, mvuke ukawa unavuja pembeni na kipini hakipandi. Duka lililoniuzia likasema dhamana haihusu mpira, na vipuri hawauzi. Nilizunguka siku mbili hadi nikapata kwa fundi mmoja, shilingi 8,000. Hili limeniuma, kwa sababu mwenye kipato kidogo kuliko mimi angeliacha jiko kabatini na kurudi kwenye mkaa kwa ajili ya mpira tu.

Na mkaa unaua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mkakati wetu wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono kwa moyo wote, ila asilimia hiyo itahitaji vipuri madukani na jiko la kulipia kidogo kidogo, maana 185,000 kwa mkupuo ni kodi ya nyumba ya watu wengi mtaani kwangu.

Mama bado ana dawa ya kuvuta, siwezi kusema jiko ndilo lililomponya. Ila ukuta wa jikoni niliupaka rangi nyeupe mwezi wa kwanza na mpaka leo haujaingia masizi, na usiku analala bila kukaa kitako kukohoa.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji alichomeke na achemshe maji mbele yako, na udai mpira wa akiba kabla hujalipa. Nyumbani lichomeke kwenye soketi ya ukutani. Lina wati 1,000. Ekstensheni nyembamba yangu iliungua siku ya tatu.