Kipima presha ya rejeta kwa gari linalopoteza maji: uzoefu wangu kwenye Corolla ya 5A-FE

Gari la zamani likianza kupungua maji bila kuacha alama chini, kifaa ninachokishika kwanza ni hiki, kabla ya spana. Ni pampu ndogo ya mkono yenye geji na mpira mfupi, pamoja na vichwa vya kufungia kwenye mdomo wa rejeta mahali pa kifuniko. Nakitumia kwenye Toyota Corolla AE110, yenye injini ya 5A-FE.

Uzuri wake ni kwamba unatafuta tatizo injini ikiwa ya baridi. Injini ikiwa ya moto, maji yanayopenya kwenye ufa mdogo hugeuka mvuke kabla hujayaona, feni inayapeperusha, na mkono hauingii popote. Ikipoa, presha imekwisha na ufa umenyamaza. Pampu inarudisha presha bila joto, na maji yanatoka polepole pale pale penye kasoro.

Jaza maji mpaka mdomoni kwanza. Hewa ikibaki nyingi ndani, mshale utashuka taratibu mno hata kama panavuja vizuri, nawe utadhani gari ni zima. Funga kichwa, pampu mpaka kiwango kilichogongwa juu ya kifuniko, basi. Kifuniko cha Corolla hii kwa kawaida huandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba, takriban psi 13. Geji inakwenda mbali zaidi ya hapo na mkono hushawishika kuongeza. Tenki la plastiki la rejeta ya miaka ya 90 halitakuvumilia. Subiri robo saa ukiwa na tochi na kioo kidogo.

Anza na maungio ya tenki la plastiki na sehemu ya alumini ya rejeta, maana mpira ulio katikati hukakamaa kwa umri. Pitisha vidole chini ya klipu za mipira ya juu na ya chini. Mpira uliovimba karibu na klipu, au unaolia kama karatasi ukiuminya, ubadilishe hata kama leo haujavuja.

Kisha nenda kwenye wota pampu, inayosukuma maji ndani ya injini, na hapa usiwe na haraka. Kwenye 5A-FE inazungushwa na mkanda wa nje, wa alterneta, siyo taimingi belti (mkanda wa ndani unaozungusha kamshafti). Chini ya shafti yake kuna tundu dogo lililowekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Tafuta ukoko wa rangi ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), waridi au kijani, au mweupe na wa kutu kwa gari lililozoea maji ya bomba. Sili nyingine hushika shafti ikiwa imesimama na kuachia ikizunguka, kwa hiyo ukishatoa mkanda, zungusha puli kwa mkono presha ikiwa ndani, na uitikise uone kama inacheza.

Ukiibadilisha, lazima ufungue kava ya juu na ya katikati ya taimingi. Taimingi belti iliyodondokewa na kulanti itoe, usiirudishe. Pampu hii hukaa kwenye bloku kwa oringi (pete ya mpira), weka mpya. Mafundi wengi hurudisha ile ya zamani na kuipaka silikoni, kisha vipande vya silikoni husafiri hadi kwenye mirija ya rejeta. Ndiyo sababu pia siungi mkono dawa za kuziba, mayai wala manjano: huziba ufa na njia za hita kwa pamoja.

Mshale ukishuka na nje pakavu, gusa zulia chini ya dashibodi. Likiwa na unyevu wa kunata, au kioo cha mbele kinapata ukungu wenye harufu tamutamu, rejeta ndogo ya hita imetoboka. Likiwa kavu, toa plagi zote nne ukiwa umeacha presha ndani, subiri, zima umeme wa cheche za plagi, kisha piga stata. Maji yakiruka kutoka silinda moja, ni gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku) au ufa. Plagi ya silinda hiyo mara nyingi huwa safi kupita wenzake.

Sanduku zuri lina kichwa cha kupimia kifuniko chenyewe, na kwangu hicho peke yake kinalipa bei. Kifuniko cha aina hii kinapaswa kuachia kati ya kPa 74 na 103, yaani kilo 0.75 hadi 1.05. Kikichoka, presha haipandi. Maji matupu yaliyobanwa kwa 0.9 huchemka karibu nyuzi 118. Yakiachwa wazi, Dar es Salaam yatachemka kwenye 100, na Nairobi kwenye 94 hivi. Thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, yenyewe inaanza kufunguka 80 hadi 84, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo. Watu wamefungua hedi bure, kumbe tatizo ni kifuniko tu.

Kasoro za kifaa: mpira wa kichwa huwa mgumu na haukai vizuri kwenye mdomo uliokwaruzika, upake maji ya sabuni uone kama unatoa mapovu. Kiungio cha mpira wa pampu nacho huvuja, kwa hiyo kipime kifaa peke yake kabla ya kulilaumu gari. Na kabla hakijatoka, minya vali ya kuachia presha, la sivyo kulanti itakurukia usoni. Hiyo ni sumu yenye ladha tamu; watoto na mbwa wasiifikie.

Baada ya matengenezo rudia kipimo, kisha toa hewa: inua mbele ya gari, weka hita kwenye joto la juu kabisa, acha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka mpira wa chini upate moto na feni iwake, ukiongeza kulanti inaposhuka. Funga, jaza kopo la akiba hadi mstari wa juu, na asubuhi, injini ikiwa ya baridi, angalia tena mdomo wa rejeta.