Mchoro unaochomoza ukutani: ubao wa kuchonga au turubai?

Vijana wa sanaa Mtwara hubishana sana kuhusu hili. Anayetaka kuchanganya rangi na uchongaji aanzie wapi? Frank Stella wa Marekani (1936–2024) alianza na turubai bapa, yaani kitambaa cha kuchorea kilichowambwa kwenye fremu, baadaye akafikia kazi za alumini zilizojitokeza ukutani. Lakini Wamakonde wamepaka rangi vinyago vya mapiko, vile vya kuvaa kichwani kwenye ngoma, siku nyingi, basi tusijione wageni.

Kwa gharama, turubai ina unafuu kama utawamba mwenyewe shuka nene kwenye fremu. Unapandisha kina kwa gundi na unga wa mbao. Ubao wa mti mwepesi nao si ghali. Mpingo ni habari nyingine: mzito kiasi cha kuzama majini, hula makali ya patasi, na kuuvuna kunahitaji kibali cha misitu. Tena kuupaka rangi, kwangu mimi, ni kumvisha bibi harusi gunia.

Kudumu ndiko penye kazi. Upepo wa bahari wa Mikindani hulegeza turubai na kuipiga ukungu, na gundi iliyorundikwa nene hupasuka. Mti mwepesi huliwa na mchwa na dumuzi usipotiwa dawa. Ukikauka vizuri kabla ya kuchongwa, hutulia.

Usafiri? Turubai, hapana shaka, mradi usiikunje.

Ukiwa umekulia kwenye patasi na kazi itabaki ukumbini kwako, chonga. Ukipeleka kazi Dar kwa basi, nawe una chumba kimoja cha kupanga na jirani asiyependa kelele za nyundo, wamba turubai.