Tahadhari Tanga: nyumba inayouzwa "na wapangaji wake ndani"

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ya kununua Tanga mjini ili mpangishe, hasa mlioko Dar na mliopokea mafao ya kustaafu karibuni, someni hapa kabla hamjatoa hata shilingi ya arbuni. Kuna muuzaji anazunguka na dalali wake, wanauza nyumba zenye wapangaji tayari. Mwaka jana walimuuzia mama yangu mdogo nyumba Makorora. Juzi nimeona tangazo lao tena, safari hii nyumba iko Mikanjuni, na maneno ni yale yale: "Inajilipa yenyewe, unanunua leo, mwezi ujao unakula kodi." Jina la mtu silitaji kwa kuwa mambo yako polisi na Baraza la Ardhi na Nyumba. Nitaeleza wanavyofanya, mtawatambua kwa hayo.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, kama zilivyo nyingi Ngamiani na Makorora: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna banda la vyumba viwili, choo na bafu. Bei ilikuwa milioni 42. Muuzaji alisema vyumba vyote vinane vina watu, kila chumba shilingi 40,000, yaani 320,000 kwa mwezi. Siku ya kuionyesha aliita Jumapili asubuhi. Mama mdogo alikuta nyumba imejaa kweli: mtu anafua, mwingine anachoma vitumbua, redio zinalia, kila mlango umefunguliwa na kila mtu anaamkia. Muuzaji akafungua daftari lake, majina yamepangwa na kodi ya kila mwezi imewekewa alama ya vema. Mtu aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote akiona daftari safi namna ile, moyo unatulia.

Mwezi uliofuata nilikwenda naye kukusanya kodi. Mama wa chumba cha kwanza kulia alituamkia, akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Mama, mimi nimeshalipa hadi Machi mwakani." Chumba cha pili, karatasi kama hiyo. Wapangaji watano walikuwa nazo, zote zimeandikwa kwa mkono mmoja na kalamu moja, tarehe zake ni wiki mbili kabla ya mauziano. Kumbe muuzaji alipita chumba kwa chumba akawaambia: kodi inapanda, lakini anayelipa mwaka mzima sasa hivi atabaki kwenye 30,000 yake ya zamani. Watu walikopa, wengine walivunja vikoba, wakalipa. Tano mara 360,000 ni shilingi 1,800,000, kaziweka mfukoni huku akijua nyumba anaiuza.

Na vile vyumba vitatu vilivyobaki? Vitupu. Mpangaji wa uani alitueleza kuwa vijana watatu waliletwa Jumamosi jioni na magodoro, wakaondoka Jumatatu.

Kwa hiyo mama mdogo alinunua nyumba ya 320,000 kwa mwezi, akapata nyumba isiyomwingizia hata senti kutoka kwa watu waliomo kwa karibu mwaka mzima, na kodi halisi ya mtaa ule ni 30,000. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa maneno ya muuzaji, milioni 42 zingerudi katika miaka 11 hivi. Kwa kodi ya kweli, hata vyumba vyote vinane vikijaa na visikae wazi siku moja, ni zaidi ya miaka 14, na hapo hujabadilisha bati hata moja. Tanga chumvi ya bahari inakula bati na nondo haraka, kwa hiyo yatabadilishwa. Kwa hesabu hiyo ile nyumba haikustahili milioni 42.

Baadhi ya majirani walimshauri ang'oe milango ili watu wahame. Nasema wazi, huo ni unyama na pia ni kujitafutia kesi. Wapangaji hawajakosa lolote. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua pango la mwaka mmoja au chini ya hapo hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo tu. Ukinunua nyumba unainunua pamoja na haki za waliomo. Wa kudaiwa ni aliyepokea hela na kukuficha.

Sasa wewe unayetaka kununua, fanya hivi. Ukishaonyeshwa nyumba, rudi peke yako siku ya kazi, baada ya magharibi, watu wakiwa wamesharudi. Usimwambie dalali. Piga hodi, jitambulishe kwa heshima kuwa unafikiria kuinunua, na umuulize kila mpangaji mambo manne: analipa ngapi, amelipa mpaka lini, anamkabidhi nani hela, na karatasi anayo? Watu wa Tanga hawana siri ya namna hiyo, ukiwauliza kiungwana watakueleza, kwa sababu nao wanaogopa kudaiwa mara mbili. Hao wa Makorora wangesema siku ile ile kama wangeulizwa muuzaji akiwa hayupo. Ukiwa ndani tazama chumba chenyewe. Mtu anayeishi mahali ana ndoo ya maji, ana sufuria, ana chandarua, ana nguo zimetundikwa. Chumba chenye godoro na begi tu, kiulizie. Kisha nenda duka la pembeni ukanunue soda. Muuza duka anajua nani anakopa unga pale na tangu lini.

Majibu yakitofautiana na daftari, ondoka. Yakilingana, usiishie kwenye maneno. Mwambie wakili aandike orodha ya wapangaji: jina, chumba, kodi, tarehe aliyolipa hadi lini. Kila mpangaji atie saini, muuzaji atie saini, na orodha iambatane na mkataba wa mauziano. Kodi yoyote aliyokwisha kupokea kwa miezi itakayofuata baada ya nyumba kuwa yako ikatwe kwenye bei, kwa tarakimu, ndani ya mkataba. Muuzaji mkweli halioni hilo tatizo. Wa kwetu, kwa ninavyomfahamu sasa, angepokea simu ya ghafla na kupotea.

Kuhusu umiliki nitasema machache, ingawa nako alituumiza. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mliuziana mbele ya mwenyekiti. Hauthibitishi kuwa muuzaji ndiye mwenye nyumba. Kama kuna hati, chukua namba ya kiwanja na kitalu ukaombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Hapo utaona jina la mmiliki na kama kuna rehani ya benki. Kama ni nyumba ya marehemu, dai Fomu namba 4 ya mahakama ya mwanzo inayoonyesha nani ameteuliwa msimamizi wa mirathi, halafu onana na warithi wenyewe ana kwa ana. Kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzake. Huyu muuzaji wetu alikuwa na dada Pangani, mrithi mwenzake, ambaye hakuambiwa kitu. Alipopata habari alikuja na cheti cha kifo cha baba yao, na ndiyo maana tuko barazani.

Jambo moja mama mdogo alilifanya vizuri sana. Siku ya kusaini, dalali alimvuta pembeni akamwomba waandike milioni 25 kwenye mkataba, eti kupunguza kodi ya TRA. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani ya faida anayopata mtu akiuza mali, ni mzigo wa muuzaji, lakini wanajua kuuzungusha uonekane wako. Alikataa, na alilipa yote kwa benki. Leo barazani tunadai milioni 42 na karatasi zinasema milioni 42. Angekubali, tungekuwa tunalilia milioni 17 zisizo na ushahidi wowote. Ukiombwa uandike bei pungufu, chukulia kuwa mtu huyo ameshaanza kujiandaa kwa siku mtakayogombana.

Madogo mengine: nunua umeme kidogo kwenye mita ya nyumba kabla hujalipa, uone LUKU inakata nini. Kodi ya jengo ya serikali hukatwa humo, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo makato yakiwa makubwa ujue kuna malimbikizo. Na uliza deni la maji kwa namba ya akaunti ya nyumba, Tanga Uwasa watakuambia.

Watakuharakisha kwa habari ya bomba la mafuta. "Chongoleani ikianza kupokea mafuta, nyumba hii utaisikia milioni 80." Bomba ni la kweli, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani hapa kwetu, na mji unabadilika, sibishi. Lakini mhandisi wa bomba hapangi chumba cha ukumbi wa pamoja na choo cha uani. Wanaopanga Makorora ni mama ntilie, vijana wa bodaboda, wapagazi na wanafunzi, na kodi wanayoiweza ndiyo itakayopanga thamani ya nyumba yako.

Kama umeshatoa arbuni kwa nyumba ya Mikanjuni, usimalizie. Nenda pale leo jioni ukawaulize wapangaji. Ukikuta karatasi za kulipiwa mwaka mzima, ziombe uzipige picha, nenda kituo cha polisi Chumbageni uchukue RB (namba ya taarifa ya polisi) ya kujipatia fedha kwa udanganyifu, kisha nitumie ujumbe. Na kama kuna mpangaji wa nyumba hiyo anayesoma hapa: karatasi yako ya malipo usimkabidhi mtu yeyote, hata akisema anaibadilisha kwa mpya yenye muhuri.