Fremu ya picha ya mtoto Mwanza: kioo, ubao au kanvasi?

Picha ya mtoto ambayo bibi huiomba ni ile aliyopigwa mwenyewe hana habari: kamshika dagaa mmoja kwa vidole viwili anamkagua, au kalala mgongoni kwa shangazi mdomo wazi. Studio za Mwanza, za katikati ya mji na zile za Kirumba na Nyakato, zinaweza kuigeuza picha hiyo kuwa zawadi ya kutundikwa miaka mingi. Kwenye mbao na misumari mafundi wengi wako vizuri. Kinachoangusha kazi ni mambo mawili: picha inavyochezewa kabla ya kusafishwa, na kioo kinavyobanwa baada ya hapo.

Utakuta aina tatu. Picha ya ubao hubandikwa juu ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), ikafunikwa plastiki ya laminesheni na kingo zikapakwa rangi. Ni nafuu, nyepesi, haivunjiki. Lakini MDF hunywa maji: kona huvimba, plastiki ikaanza kubanduka kuanzia pale pale, na picha ikishabandikwa haitoki tena. Kanvasi inafaa picha kubwa. Nyuzi za kitambaa husitiri upungufu wa picha, ila husitiri pia kope na lile tone la maji kidevuni, na hivyo vidogo ndivyo vinavyofanya picha ya namna hii ipendwe. Kwa zawadi ya familia tunapendekeza fremu ya kioo, ikitengenezwa inavyotakiwa.

Anza na picha yenyewe. Wateja wengi humrushia fundi kwa WhatsApp kama wanavyorusha picha nyingine yoyote, na WhatsApp huibana mpaka upande mrefu unabaki na nukta (pikseli) 1,600 hivi. Fanya hesabu. Karatasi ya inchi 8 kwa 10, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji nukta 2,400 kwa 3,000. A3 inataka karibu 3,508 kwa 4,961. Ile iliyobanwa ya 1,600 kwa 1,200, hata ukiridhika na nukta 200 kwa inchi, mwisho wake ni inchi 8 kwa 6. Ikivutwa hadi A3, kope zinakuwa ukungu na ukingo wa shavu unajaa vimiraba. Tuma kama dokumenti, au nenda na simu yenyewe na waya wake. Skrinishoti ya status ya ndugu isifike studio kabisa. Muombe aliyepiga akupe picha halisi.

Halafu ukataji. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, ambao haulingani na karatasi za studio. Kwa 8 kwa 10 utapoteza kama asilimia 6 ya upande mrefu. Kwa 4 kwa 6 utapoteza asilimia 11 ya upande mfupi. Mashine ikiachiwa ijiamulie hukata pande zote sawa, na mtoto aliyekuwa anakimbia kuelekea pembeni hurudi nyumbani hana mguu. Kaa na fundi kwenye kompyuta, mwoneshe pa kukata.

Hapo hapo mwambie asimrembeshe mtoto. Hili tunalisema kwa uchungu, maana limeharibu picha nyingi nzuri: ngozi inalainishwa mpaka uso unakuwa kama wa mwanasesere, mwanga unapandishwa picha nzima mpaka mtoto mweusi anatoka na rangi ya majivu, na nyuma yake, badala ya ngalawa na mawe, yanawekwa maghorofa. Kweli, picha ikisafishwa kwenye karatasi hutoka nyeusi kuliko inavyoonekana kwenye simu, kwa kuwa skrini inawaka na karatasi haiwaki. Dawa yake ni kuinua kidogo vivuli vya usoni peke yake na kuacha shati jeupe lilivyo. Punguza mwanga wa simu hadi nusu kabla ya kukubali rangi, kisha lipia kipande cha majaribio cha 4 kwa 6. Kitazame nje kivulini, usikitazamie chini ya taa za studio. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kurudia kazi kubwa.

Karatasi iwe isiyong'aa. Inayong'aa ikiwekwa nyuma ya kioo hurudisha mwanga mara mbili, na huganda upesi zaidi.

Huko kuganda ndiko kunakoua picha nyingi huku kando ya ziwa. Picha ikibanwa imegusana na kioo, unyevu ukiingia katikati hulainisha uso wa karatasi, ukikauka picha inakuwa imeshikana na kioo. Utaona madoa yanayometa kama mafuta. Ukiivuta, shavu la mtoto linabaki kwenye kioo. Kinga yake ni nafasi ya milimita 2 hivi, inayopatikana kwa kuweka kadi nene yenye dirisha kati ya kioo na picha. Dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita 3 kila upande, ili kingo zifunikwe. Kama studio haina kadi hiyo, vijiti vyembamba vya mbao vilivyofichwa chini ya mdomo wa fremu vinatosha. Sasa pima mfereji wa fremu, yaani kina cha ndani kinachobeba vyote: kioo milimita 2, kadi 2, hadibodi ya nyuma 3, pamoja na picha na nafasi ya kupigilia. Chini ya milimita 10 fundi atalazimisha, na kitakachopasuka ni kioo.

Picha ishikwe kwa vipande viwili vya tepu ya karatasi, ukingo wa juu tu. Ikizungushiwa tepu pande zote, karatasi ikitanuka kwa unyevu haina pa kwenda, inafanya mawimbi. Selotepu ya kawaida tuikatae: gundi yake hugeuka njano na kupenya.

Kabla ya kulipa, inua fremu uielekeze dirishani. Kona zilizokatwa sawasawa kwa nyuzi 45 hazipitishi mwanga, na ukucha ukipitishwa juu ya maungio haukwami. Chunguza kama pengo limezibwa kwa rangi ya dhahabu. Kabla nyuma hapajafungwa, andika kwa penseli jina la mtoto, mahali na tarehe, wino hupenya. Kisha pazibwe kwa tepu ya karatasi kuzunguka, la sivyo vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku utavikuta vimekufa chini ya kioo. Omba pia bei itenganishwe, kusafisha kwake na fremu kwake, maana mara nyingi fremu ndiyo inayokula hela.

Zawadi ikienda Nansio kwa meli, au Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, bandika tepu ya karatasi kwenye kioo kwa umbo la msalaba ili kikivunjika vipande visichane picha. Weka kadibodi mbele na nyuma, na isafiri imesimama. Fremu iliyolazwa itawekewa mzigo juu.

Kwenye kutundika, epuka ukuta unaopigwa na jua la jioni, na epuka ule ulioegemea mwamba, kama ilivyo nyumba nyingi za milimani, kwani wakati wa masika hutoa jasho. Tumia msumari wa zege. Kata vipande viwili vya soli ya kandambili kuukuu, vibandike nyuma kwenye kona za chini, hewa ipite kati ya fremu na ukuta.