Gitaa kavu la kwanza: nati kwanza, rangi baadaye

Wiki haiishi bila mtu kuniandikia habari za kodi ya F (kodi ni nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, na F huwatesa wanaoanza). Mmoja yuko Pangani, mwingine Muheza, mwingine hapa hapa Makorora, Tanga mjini, na malalamiko ni yale yale: dada, vidole vinawaka, nakaza mpaka kiganja kinakufa ganzi, nyuzi mbili zinalia, nne zimenyamaza, nadhani sina kipaji. Aliyenisukuma kuandika leo ni kijana wa kwaya ambaye ameshalitangaza gitaa lake kuliuza. Nilimwomba alipige picha ubavuni, pale shingo inapokutana na kichwa. Picha ilipofika sikuhitaji maelezo. Uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, ulikuwa umeinuka juu ya freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo) kiasi kwamba sarafu ya mia ingepita chini yake bila kugusa kitu.

Kwa hiyo, kwa anayenunua gitaa kavu (lisilotumia umeme) la kwanza, nitaanzia hapo, kwenye nati. Habari za sauti sitazigusa sana, maana gitaa la mwanafunzi hulia vizuri siku mwanafunzi anapojua kulipiga. Rangi, mng'aro, maua yaliyochorwa kuzunguka tundu, chagua upendavyo, hayo hayakuumizi.

Nati ni kile kipande cheupe cha plastiki au mfupa chenye vijifereji sita, kila uzi na wake. Kwenye magitaa ya bei ya chini vijifereji hivyo huachwa juu, na sababu haihitaji shahada. Vikichimbwa kupita kiasi uzi unagonga freti, gitaa linakwaruza, mteja analirudisha. Vikiachwa juu, mteja anaumia vidole na kujilaumu mwenyewe. Kiwanda kimeshamaliza kazi yake, na muuzaji hana habari.

Kuumia vidole ni nusu tu ya hasara. Uzi ulio juu ukiubonyeza unauvuta, na uzi ukivutwa sauti yake inapanda. Ndiyo maana unatyuni (unalinganisha sauti za nyuzi) kwa programu ya simu, nyuzi zote zinaonyesha kijani, halafu ukishika C inatoka chafu. Freti tatu za mwanzo ndizo zinazoathirika zaidi, na humo ndimo kodi zote za mwanafunzi zilimo. Wapo watu walioambiwa na viongozi wao wa kwaya kwamba hawana sikio la muziki, na sikio lao halina ubaya wowote.

Kupima hakutaki kifaa. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, ushikilie hapo hapo, kisha tazama mwanya ulio juu ya freti ya kwanza. Uwe mdogo sana, kama unene wa karatasi. Ukiudonoa uzi kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine utasikia "tik" ndogo ukigusa chuma. Ukiona mwanga wa mlango wa duka ukipita chini ya uzi, nati iko juu. Usipime mmoja ukaridhika. Pima zote sita, kwa sababu mara nyingi wa kwanza na wa pili ziko sawa na wa sita ndio ulioachwa ukining'inia.

Kama una kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni, nenda nayo dukani. Ifunge freti ya kwanza upige. Gitaa likiwa laini ghafla, kosa ni la nati peke yake, na fundi mwenye tupa nyembamba analimaliza wakati wewe unakunywa kahawa. Likibaki gumu hata kwa kapo, tatizo liko darajani, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, au shingo imepinda. Hapo chukua rula ya mwanafunzi upime juu ya freti ya 12: kwa nyuzi za chuma, uzi mnene uwe na milimita 2.5 hivi na mwembamba kama 2. Nailoni hutikisika kwa upana zaidi, kwa hiyo huruhusiwa kufika 4 na 3. Zaidi ya hapo mrudishie mwenyewe mali yake, hata akuite mjuaji.

Sasa mikono. Watu wenye vidole vifupi hukimbilia gitaa dogo la mtoto, na wauzaji huwashangilia kwa sababu hilo ndilo lililododa. Tazama kwanza upana wa shingo na urefu wa uzi kutoka nati hadi darajani. Gitaa la nyuzi za chuma la kawaida huwa na nati ya milimita 43. La nailoni hufika 52. Hizo tisa za tofauti ni nyingi kuliko zinavyosikika. Mwenye kiganja kidogo anayetaka kushika uzi wa sita kwa dole gumba akizungusha kutoka nyuma hataliweza la nailoni. Lakini mvuvi, seremala au fundi gereji, ambaye kidole chake kimoja kwenye shingo nyembamba kinazima nyuzi mbili, atashukuru kwa nafasi ile.

Na shoga yangu mwenye kucha, za mkono wa kushoto zitakatwa. Hakuna gitaa duniani litakalokuokoa na hilo. Za kulia zifuge ukitaka kupiga nailoni kwa vidole, utazihitaji.

Kuhusu mtindo sina maneno mengi. Kama ni kwaya, mapambio na kuimba na watu barazani, unachapa nyuzi zote kwa piki (kile kijipande cha plastiki), chukua chuma. Kama unatamani kudonoa moja moja kwa vidole, taratibu, chumbani, chukua nailoni, na vidole vyako vitapona mapema. Anayetaka solo za dansi atahamia gitaa la umeme siku moja, na shingo nyembamba ya chuma itamwandaa vizuri zaidi.

Namba moja kwangu ni Yamaha F310, na najua mtasema nimelipwa. Laiti! Nati yake ni 43 na urefu wa uzi milimita 634. Kaka yake FG800 ana 650. Ukifupisha uzi hivyo, sauti ile ile inapatikana kwa mvuto pungufu wa karibu asilimia 5, na kidole cha mwanafunzi kinaijua asilimia hiyo hata kama kichwa hakiijui. Nati yake nayo hutoka juu kidogo kiwandani, siwafichi, lakini huwa juu kwa kiasi kinachotibika, na nyuzi zote sita hulingana. Kasoro yake ni mwili mpana. Mtu mfupi akilipakata, bega la kulia linapanda hadi sikioni. Kwa huyo ningesema FS800: uzi ule ule wa 634, kiuno chembamba, ila bei inapanda na uso wake ni ubao mzima.

Ubao mzima nao una mambo yake hapa pwani. Waandishi wa nchi za baridi hulisifia gitaa lenye uso wa ubao mzima na kulidharau la plaiwudi. Kweli ubao mzima hulia vizuri zaidi na sauti yake hukomaa kadiri miaka inavyokwenda. Lakini ubao hunywa unyevu. Masika ikiingia Tanga, nguo haikauki kamba nzima, na uso wa gitaa unavimba tumbo, daraja linainuka nalo, nyuzi zinapanda. Gitaa ulilolipima likawa safi mwezi wa kwanza, mwezi wa tano ni mlima. Plaiwudi ya F310 haijali kiasi hicho. Kwa anayeanza, katika nyumba isiyo na kiyoyozi, mita chache kutoka bahari ya Raskazone, plaiwudi haina aibu yoyote.

Namba mbili ni Yamaha C40, nailoni, nati 52, uzi 650, uso wa plaiwudi vilevile. Kwa mikono mikubwa, kwa watoto wa sekondari wenye vidole laini, na kwa yeyote anayeishi karibu na maji, maana nyuzi tatu nyembamba ni nailoni tupu na haziozi. Zile nene zimezungushiwa waya na hupauka, lakini hazikukati vidole kama chuma chenye kutu.

Ya tatu ni FS800 niliyokwisha kuitaja. Ya nne, Fender CD-60S, gitaa zuri, shingo yake ina kingo zilizolainishwa na mkono unateleza. Uzi wake ni mrefu kidogo kuliko wa F310, na uso ni ubao mzima, kwa hiyo maneno ya masika yanalihusu. Ukilipata kwa bei ya kibinadamu lichukue. Mimi sijaiona bei hiyo.

Haya ya inchi 38 yasiyo na jina, ya laki na ushee, ni ya kubahatisha. Pima nati kwa njia niliyoeleza, likifaulu nunua.

Jambo moja sitanyamaza. Zipo duka ambazo gitaa la nailoni linafungwa nyuzi za chuma "ili lilie kwa nguvu". Seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Ya nailoni ni karibu kilo 40. Daraja la gitaa la nailoni limebandikwa kwa gundi tu, halikuumbwa kwa mzigo huo. Litaanza kunyanyuka nyuma polepole, ukipitisha karatasi inaingia, na asubuhi moja utalikuta sakafuni na kipande cha uso wa gitaa. Utambuzi ni rahisi: shingo pana, kichwa chenye matundu mawili marefu, nyuzi zimefungwa fundo darajani. Ukiona hayo na nyuzi zote sita zinang'aa chuma, toka.

Na kule kutundika magitaa mlangoni, kwenye jua la kaskazi, tangu saa mbili asubuhi! Gundi inalainika, shingo inavutwa mbele, jioni linarudishwa ndani na bei ile ile. Nilimwomba muuzaji anishushie moja nilipime. "Mama, mali haijaribiwi, ukishusha umenunua." Nikamuuliza, na nikikuta bovu? "Hilo la kwako na fundi." Wazee wetu walijifunzia galatoni, magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, zile ambazo John Lennon wa Beatles naye alianza na moja yake miaka ya 1950, na ndani ya tundu la gitaa lile palibandikwa karatasi ya kuhakikisha kwamba halitapasuka. Leo dhamana inaishia kwenye kizingiti cha duka.

Kinachoniuma ni kwamba huu ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Taarabu ya Tanga, ya Black Star na Lucky Star, ilijulikana pwani nzima kwa magitaa yake. Halafu leo mtoto wa Chumbageni akitaka kulinganisha magitaa mawili mazuri ubavu kwa ubavu, inambidi apande basi aende Kariakoo, alale kwa shangazi, na huko nako akutane na Yamaha ambazo Yamaha wenyewe hawazijui. Nembo imebandikwa kama stika, inakwanguka kwa kucha. Ndani ya tundu hakuna karatasi ya modeli, au ipo na imeandikwa kwa herufi zilizopinda. F310 ya kweli, kwa bei nilizoulizia, huanzia laki nne na kupanda. Ukiuziwa kwa laki mbili ikiwa mpya, jiulize aliyekuuzia anakupendea nini.

Ukirudi nalo kwa basi, konda asikuambie buti ni salama. Buti la adhuhuri ni tanuri, na gundi niliyoisema ni ile ile. Lipakate.

Ukifika, toa nyuzi lilizokuja nazo, ambazo kwa kawaida ni namba 12, weka namba 10 (namba ikipungua, uzi ni mwembamba zaidi). Sauti inapungua unene, vidole vinapata nafuu kubwa. Ukizoea panda 11. Chumvi ya bahari na jasho vinakula chuma haraka huku kwetu, kwa hiyo kitambaa kikavu kiwe ndani ya mfuko wa gitaa, na uzifute nyuzi kila umalizapo, juu na chini. Zipo zilizopakwa utando, kama Elixir, zinadumu zaidi na zinauzwa ghali kwa kiasi cha kutukana.

Mwenye kutumia mkono wa kushoto, pole, maduka hayakufahamu. Wengi hununua gitaa la kawaida na kugeuza nyuzi. Inawezekana, ila nati haigeuki na nyuzi: uzi mnene utakalia kijifereji chembamba na kubaki juu, mwembamba utachezacheza kwenye kile kipana. Unahitaji nati mpya. Usikubali plastiki ikiwa fundi anaweza kuchonga mfupa wa ng'ombe uliochemshwa mpaka mafuta yakatoka yote na kukaushwa vizuri, maana mfupa wenye mafuta unanuka na hauchongeki. Kubaliana naye bei kabla hujamwachia gitaa, na umwambie mapema kwamba utakuja kupima freti ya tatu.