Prosesa inachemka: pampu au pesti?

Kompyuta ya gemu inayopozwa kwa maji ikifika nyuzi 95 za Selsiasi, wengi hukimbilia kubadilisha pesti, ile krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo chake. Mimi ningeanza na pampu inayozungusha maji, maana kuikagua hakuhitaji hata bisibisi. Pampu ikifa, joto hupanda mfululizo hata kama hujafungua gemu. Gusa mipira miwili inayopitisha maji: dalili ni mmoja wa moto, mwingine baridi, na redieta (sehemu inayopoza maji) imepoa. Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kompyuta inapowaka) uone mizunguko ya pampu. Ikisoma sifuri, hakikisha kwanza waya haujachomoka.

Pesti iliyokauka ina tabia nyingine: gemu likianza joto linaruka ghafla, ukilifunga linashuka papo hapo. Hapo ndipo ufungue kipozeo, ufute pesti ya zamani kwa spiriti, upake upya kiasi cha punje ya njegere. Skrubu zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo.